Siku moja na kompyuta ndani ya Noah

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, chai haijachemka, simu inalia. Ni Mwalimu mwenye Toyota Noah. "Fundi, ile kompyuta yako imelala tena. Redio kimya, hata kukoroma haikoromi." Namwambia ailete Kondele, hapa Kisumu, kabla jua halijawa kali.

Ndani ya gari hilo niliitoa redio, nikaweka Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya kiganjani, inayoendesha mfumo wa Linux na programu ya kuchuja sauti iitwayo CamillaDSP. Muziki unaingia, kompyuta inaugawa: besi chini ya hetsi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) iende kwa wufa, spika kubwa kwenye buti, sauti za kati milangoni, za juu kwa twita, zile spika ndogo. Kadi ya sauti ya USB inapeleka kila sehemu kwenye amplifaya yake. Mwalimu anapenda benga, na benga isiposikika gita zote mbili, kwake ni kelele tu.

Saa mbili. Nimefungua dashibodi. Kadi ya kumbukumbu imeharibika, mara ya pili mwezi huu, na kosa ni langu. Umeme niliuchukua kwenye waya wa ACC, ile hatua ya ufunguo inayowasha redio. Ukizungusha ufunguo kuwasha injini, gari linakata ACC kwa muda ili betri impe stata nguvu zote. Kwa hiyo kila asubuhi kompyuta ilikuwa inaamka, inaanza kuandika kwenye kadi, halafu inanyimwa umeme katikati ya sentensi. Redio ya kawaida haijali. Kompyuta inajali sana.

Naanza upya. Waya mnene moja kwa moja kutoka betri, na fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri (aliyewahi kuona zulia la gari likiungua hataniuliza kwa nini). Kibadilishi kipya cha volti 12 kwenda 5 ambacho hakitetereki betri ikishuka hadi 7. ACC sasa kazi yake ni kutoa habari tu. Ikikatika, kompyuta inasubiri sekunde 5, isije ikawa ni stata tu, kisha inajizima yenyewe taratibu. Rilei ya saa, swichi inayohesabu muda, inakuja kukata umeme baada ya sekunde 40. Kadi nayo nimeifunga isiandikwe kitu.

Saa tano. Injini inawaka, kompyuta haikutikisika. Lakini spika zinatoa mluzi, na nikikanyaga mafuta mluzi unapanda. Hiyo ni alteneta, mtambo unaochaji betri, kelele yake inapenya kwenye waya. Nimehangaika na waya karibu saa nzima kabla ya kuinua zulia la buti na kukuta bolti ya athi ya amplifaya, ile inayoiunganisha na chuma cha gari, imekazwa juu ya rangi. Nimeikwangua kwa sandpepa hadi chuma kikang'aa, nikaleta athi ya kompyuta hapo hapo. Kimya. Mwanafunzi wangu anacheka: "Omera, saa nzima kwa sababu ya rangi?"

Mchana sina la kusimulia: ugali, omena, joto.

Saa kumi. Kupima Kondele haiwezekani, matatu hazinyamazi. Tunashuka hadi Dunga, kando ya ziwa, na kuegesha mbali kidogo na mabanda ya samaki. Maikrofoni naiweka pale kichwa cha Mwalimu kinapokaa. Spika ya mlango wa kulia iko sentimita 90 kutoka kwake, ya kushoto 140. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo ya kulia inamfikia mapema kwa milisekunde 1.5 hivi, ndiyo maana siku zote alisema mwimbaji kajificha mlangoni. Naichelewesha. Halafu napiga ule mvumo wa kupimia, unaosikika kama mvua juu ya mabati, na kutazama grafu. Kuna kilima kimoja kisichoondoka nikirekebisha vipi. Nazima sauti, kilima bado kipo: vyura.

Saa kumi na mbili na nusu. Mwalimu amefumba macho. Mwimbaji yuko katikati, juu ya usukani. "Gita la pili," anasema, "hilo sijawahi kulisikia humu." Anazima gari kwa furaha na baada ya sekunde kumi analiwasha tena amsikilizishe mkewe kwenye simu. Kimya. Kompyuta ilikuwa imeshaanza kujizima, na ikishajizima haiamki mpaka umeme ukatwe kwanza, urudi. Rilei bado haijakata, kwa hiyo hakuna wa kuiamsha.

"Mwalimu, zima, subiri rilei ilie tak, ndiyo uwashe."

Anahesabu kwa sauti, kama yuko darasani. Thelathini na nane, thelathini na tisa. Tak. Anawasha, gita zinarudi. Programu nitairekebisha kesho. Kwa leo nimekata kipande cha tepu nyeupe, nikabandika kando ya ufunguo: NGOJA TAK.