Jimbo halina kodi ya mapato, lakini faida ya mtaji bado ina wadai

Marekani ina majimbo tisa yanayohesabiwa kuwa hayana kodi ya mapato: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Wakazi wake wakiuza hisa au nyumba kwa faida (ndiyo faida ya mtaji) huambiwa wasiwe na wasiwasi wa kodi. Wasiwasi upo.

Kwanza, serikali ya shirikisho haijali unaishi jimbo gani. Faida ya mali uliyokaa nayo zaidi ya mwaka hutozwa asilimia 0, 15 au 20 kulingana na mapato yako. Mwaka huo huanza kuhesabiwa siku inayofuata ile ya kununua. Ukinunua hisa Machi 10, 2024 na kuziuza Machi 10, 2025, umewahi kwa siku moja, na faida yote inatozwa kwa viwango vya mshahara, hadi asilimia 37. Mapato yakivuka dola 200,000, au 250,000 kwa wanandoa wanaowasilisha ritani pamoja, kuna nyongeza ya asilimia 3.8 juu ya faida ya uwekezaji au juu ya kile kilichozidi, kutegemea kipi ni kidogo.

Pili, na hapa ndipo wengi wanapoumia: faida ya hisa kwa kawaida humfuata mwenye hisa, ila faida ya ardhi na nyumba hutozwa pale mali ilipo. Mkazi wa Texas anayeuza nyumba ya kupangisha iliyoko California anadaiwa na California. Isipokuwa ana msamaha, wakati wa kufunga mauzo hukatwa asilimia 3 na theluthi moja ya bei ya kuuzia, hata kama faida yenyewe ni ndogo. Kwa nyumba ya dola 600,000 hizo ni dola 20,000. Anaweza kuchagua mapema, kwenye Fomu 593, makato yakokotolewe kwa faida badala ya bei. Asipofanya hivyo, hudai kilichozidi kwa ritani ya wasio wakazi, Fomu 540NR. Jirani yake wa jimbo lenye kodi huenda akapunguziwa nyumbani kile alicholipa kwingine. Mkazi wa Texas hana kodi ya nyumbani ya kupunguza.

Washington ni kisa cha peke yake. Tangu 2022 inatoza asilimia 7 ya faida ya muda mrefu (ya mali uliyokaa nayo zaidi ya mwaka), na Mahakama ya Juu ya jimbo iliyahalalisha malipo hayo mwaka 2023 kwa hoja kwamba ni ushuru wa muamala, si kodi ya mapato. (Hoja ya wanasheria, mfuko hauoni tofauti.) Nyumba, ardhi na akaunti za kustaafu hazimo. Kwa 2025 dola 278,000 za kwanza husamehewa, na faida inayotozwa ikizidi milioni moja, ziada hulipa asilimia 9.9. Faida ya 500,000 kwenye hisa inabakisha 222,000, yaani kodi ya 15,540. Kuongezewa muda wa kuwasilisha hakuongezi muda wa kulipa.

Kwa anayehama New York kwenda Florida ili auze hisa: leseni mpya ya udereva haitoshi. Ukibaki na makao ya kudumu New York na kukaa huko zaidi ya siku 183 kwa mwaka, wanakutoza kama mkazi. Tunza tiketi, bili na rekodi za simu, maana mzigo wa kuthibitisha ni wako.