Kidonge cha kwanza kimezwe leo, mengine yaamuliwe kesho

Mtu aliyepasukiwa kondomu, aliyechomwa na sindano ya mgonjwa au aliyebakwa huwa na maswali mengi kichwani kabla hajafika kwenye swali la PEP, yaani dawa za siku 28 za kuzuia VVU baada ya tukio la hatari. Nani ataniona nikiingia CTC, kliniki ya VVU? Nikikutwa na kopo la dawa nyumbani nitasema nini? Je, kama yule mtu hana virusi, si nitakuwa nimejisumbua bure? Maswali hayo yana uzito, lakini hakuna hata moja linalostahili kukulia saa zako. PEP ina maamuzi mawili, si mmoja. Wa kwanza ni kidonge cha leo, wa pili ni siku 28. Anayeyachanganya hubaki akibishana na nafsi yake juu ya siku 28 huku muda wa kidonge cha kwanza ukiisha.

Kidonge cha kwanza hakikufungi. Ukianza leo na kesho ikathibitika kwamba hatari haikuwepo, mhudumu atakuachisha, na hutakuwa umedhurika. Asiyeanza hana nafasi hiyo.

Mpaka ni saa 72 tangu tukio, na zinahesabiwa kwa saa, si kwa siku za kalenda. Tukio likiwa Ijumaa saa 4 usiku, mwisho ni Jumatatu saa 4 usiku. Anayesubiri kliniki ifunguliwe Jumatatu saa 2 asubuhi ameshatumia saa 58, na hapo bado hajapanga foleni. Tena hizo 72 ni ukomo, si muda wa kungojea. Ukiweza kumeza ndani ya saa chache, meza ndani ya saa chache.

Sababu iko kwenye safari ya kirusi chenyewe. VVU vikipita kwenye utando laini wa uke, wa njia ya haja kubwa au wa uume, au kwenye jeraha, havienei mwili mzima papo hapo. Vinashika kwanza chembe za kinga zilizo jirani, vinabebwa hadi kwenye tezi za limfu, kisha baada ya siku chache vinasambaa kwa damu. Dawa hufanya kazi katika pengo hilo. Tenofoviri na lamivudini huzuia virusi visinakili vinasaba vyao, na dolutegraviri huvizuia visijichomeke ndani ya vinasaba vya chembe ya mtu. Vikishajichomeka na kujiwekea hifadhi, ARV zinaweza kuvifubaza, lakini haziving'oi.

Jaribio la kuwapa baadhi ya watu dawa na wengine kidonge bandia halijawahi kukamilika, na kulifanya leo kungekuwa dhuluma. Ushahidi umetoka kwingine. Mwaka 1997 ulichapishwa utafiti wa wahudumu wa afya waliochomwa na vifaa vyenye damu ya wagonjwa wa VVU: waliomeza zidovudini walikuwa na uwezekano mdogo wa kuambukizwa kwa takriban asilimia 81. Mwaka uliofuata ukachapishwa wa nyani waliodungwa virusi vya jamii hiyo. Walioanza tenofoviri ndani ya saa 24 na kudungwa kwa siku 28 walikingwa. Kwa waliochelewa hadi saa 48 au 72, na kwa waliokatishwa dawa siku ya 10 au ya 3, kinga ilipungua. Kwa hiyo kuwahi na kumaliza vyote viwili vina kazi, na hakuna kinachofidia kingine.

Sasa, nani anahitaji? Angalia kwanza ni majimaji gani na yamepita wapi. Damu, shahawa, majimaji ya uke na ya njia ya haja kubwa, na maziwa ya mama hubeba virusi vya kutosha kuambukiza. Mate, jasho, machozi na mkojo visivyo na damu haviambukizi. Damu iliyodondokea kwenye ngozi nzima, isiyo na kidonda, si sababu ya PEP. Wala busu, choo cha pamoja au mbu. Sindano kavu uliyoikanyaga mtaani ina hatari ndogo mno, kwa sababu virusi hivi hudhoofika haraka nje ya mwili, ila nenda kituoni kwa ajili ya pepopunda na homa ya ini.

Hesabu za hatari zinasaidia zikisomwa vizuri. Mtu wa pili akiwa na VVU na hatumii dawa, na kondomu haikutumika, katika matukio 10,000 makadirio ni maambukizi kama 138 kwa anayeingiliwa kinyume cha maumbile, 11 kwa anayeingilia kwa njia hiyo, 8 kwa mwanamke na 4 kwa mwanamume katika tendo la ukeni. Kuchangia sindano ya kujidunga ni kama 63, na kuchomwa sindano kazini ni 23. Namba hizi ni wastani. Vidonda, magonjwa ya zinaa, michubuko ya kubakwa, au mtu wa pili kuwa ndiyo kwanza ameambukizwa na virusi vyake viko juu sana, vyote huzipandisha. Mimi sioni busara ya kutumia "8 kati ya 10,000" kama sababu ya kubaki nyumbani, maana hujui usiku wako ulikuwa na nini ndani yake.

Pili, mtazame mtu huyo mwingine, lakini si kwa macho. Unene na ngozi nyororo havisemi chochote. Kama anajulikana kuwa na VVU, anameza dawa vizuri na kipimo chake cha karibuni kinaonyesha wingi wa virusi uko chini ya nakala 200 kwa mililita ya damu, hakuambukizi kwa ngono. Utafiti wa PARTNER uliofuatilia wenza wa namna hiyo, matokeo yake ya mwisho yakachapishwa mwaka 2019, haukukuta hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenza aliyefubaza virusi. Akikuonyesha kadi ya CTC yenye majibu hayo, PEP huenda isihitajike. Ila kanuni hiyo ni ya ngono. Kwa sindano na damu, anza dawa.

Akisema "nilipima, niko salama", uliza lini. Kipimo cha kawaida kinaweza kukosa maambukizi ya wiki chache zilizopita, na kile cha kujipima kwa majimaji ya fizi kinaweza kukosa ya miezi 3. Majibu hasi ya mtu asiye na hatari yoyote karibuni yanatosha kukuachisha dawa. Majibu hasi ya mtu mwenye wapenzi wengi hayatoshi. Na usipojua lolote juu yake, huko kutojua hakuhesabiwi kuwa ni usalama. Anza.

Kabla ya kituo kuna huduma ya kwanza. Jeraha lioshe kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usilibinye litoke damu, usilipake jiki wala spiriti, kwa kuwa kubinya na kuunguza huchubua nyama na kuwafungulia virusi njia. Jicho lioshe kwa maji safi mengi. Ukeni usijioshe kwa ndani. Sabuni na siki huko huchubua utando uleule unaokukinga.

Kliniki nyingi za CTC hufungwa jioni na mwisho wa wiki, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Usiku, Jumapili au sikukuu, nenda kitengo cha dharura cha hospitali, si getini kwa CTC. Sema moja kwa moja: "Nimepata tukio la hatari ya VVU saa kadhaa zilizopita, naomba PEP." Ukiambiwa rudi Jumatatu, omba kuonana na daktari wa zamu na umtajie saa ya tukio. Muuguzi au fundi wa maabara aliyechomwa kazini amwambie msimamizi wa zamu papo hapo, ajaze rejista, na mgonjwa aombwe ridhaa ya kupimwa. Usichukue vidonge vya ndugu anayetumia ARV: unamvunjia dozi yake, na wewe unakuwa hujapimwa.

Kupimwa kwenyewe kuna jambo linalowatisha watu bila sababu. Kipimo cha leo hakizungumzii tukio la jana. Kikitoka chanya, maambukizi ni ya zamani, na hapo PEP si yako. Unaanza tiba kamili. Kikitoka hasi, unaendelea. Maabara itaangalia pia homa ya ini B, figo, kaswende na ujauzito. Majibu hayo yakichelewa, dozi ya kwanza isichelewe nayo.

Dawa kwa mtu mzima Tanzania na Kenya kwa kawaida ni TLD: kidonge kimoja chenye tenofoviri miligramu 300, lamivudini 300 na dolutegraviri 50, mara moja kwa siku, siku 28. Mjamzito na anayenyonyesha wanaruhusiwa. Mwenye tatizo la figo na mtoto mwenye uzito chini ya kilo 30 hupangiwa mchanganyiko mwingine, kwa hiyo usimgawie mtoto kidonge cha mkubwa.

Siku za mwanzo unaweza kupata kichefuchefu, kichwa kuuma au usingizi kupaa. Kichefuchefu hupungua ukimeza na chakula. Usingizi ukisumbua, hamishia dozi asubuhi. Ukisahau, meza unapokumbuka. Ukikaribia saa ya dozi inayofuata, meza hiyo moja tu, usirundike viwili. Upele wenye malengelenge, uso kuvimba au macho kuwa ya njano ni sababu ya kurudi kituoni siku hiyohiyo.

Kinachoharibu dawa kimyakimya ni vitu vingine unavyomeza. Dawa za kutuliza asidi tumboni zenye magnesiamu au aluminiamu huikamata dolutegraviri isifyonzwe: meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu vinaweza kwenda pamoja na TLD iwapo vyote vinamezwa na chakula. Tumbo likiwa tupu, fuata mpishano uleule. Anayetumia rifampisini kwa kifua kikuu huhitaji dolutegraviri 50 ya ziada baada ya saa 12. Mwenye kifafa anayetumia kabamazepini, fenitoini au fenobabitoni, na mwenye kisukari anayetumia metformini, waseme kabla hawajaondoka dirishani.

Kwa aliyebakwa, matibabu yaanze na karatasi zifuate: PF3 ya polisi Tanzania, fomu ya huduma baada ya kubakwa (PRC) na P3 ya polisi Kenya. Ukiweza, usioge kabla ya kuchunguzwa, na nguo weka kwenye mfuko wa karatasi, maana plastiki hutunza unyevu unaooza ushahidi. Omba pia dawa ya dharura ya kuzuia mimba, ile wanayoiita P2: inafaa kuwahi, na ukomo wake ni saa 120. TLD haiidhoofishi. Uliza kinga ya magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini B. Kenya kuna namba 1195 kwa ukatili wa kijinsia, na kwa mtoto ni 116 kotekote, Kenya na Tanzania. Hakuna ulichofanya kilichostahili hili, na mhudumu anayekuhoji ulikuwa umevaa nini hafanyi kazi yake.

Ndani ya siku hizo 28 na hadi kipimo cha mwisho, tumia kondomu na usichangie damu. Kipimo hurudiwa wiki ya 6 na mwezi wa 3 tangu tukio, na baadhi ya vituo huongeza mwezi wa 6, kwa kuwa dawa yenyewe yaweza kuchelewesha alama zinazosomwa na kipimo. Ukipata homa, tezi kuvimba na upele katika wiki hizo, usisubiri tarehe. Aliyekutwa na homa ya ini B asiache TLD siku ya 28 peke yake, kwa sababu tenofoviri na lamivudini zilikuwa zikikandamiza kirusi hicho pia, na kuziacha ghafla kunaweza kuchochea ini.

Kama hatari yako ni ya kujirudia, kwa mfano mwenza ana VVU na virusi bado havijafubazwa, PEP ya kila mwezi si mpango. Mwombe mhudumu akupime siku ya 28, na majibu yakiwa hasi uanze PrEP, dawa ya kujikinga inayomezwa kabla ya tukio, siku inayofuata bila kuacha pengo.