Woga wa Macomber haukuanzia kwa simba

Jumamosi, usiku.

Nimeirudia hadithi ya Ernest Hemingway kuhusu Francis Macomber, ile iliyotoka mwaka 1936, miaka michache baada ya mwandishi mwenyewe kuja kuwinda huku kwetu Afrika Mashariki. Wanaoisimulia huanza na simba. Tajiri wa Kimarekani, umri miaka 35, anamjeruhi simba. Mnyama anajificha kwenye majani marefu, na anapochomoka bwana anatimua mbio. Mkewe anamwona. Wilson, Mwingereza anayelipwa kuwaongoza, anamwona. Wabeba bunduki nao wanamwona. Kambini mpishi, maboi na wapagazi wanambeba juujuu kwa shangwe, lakini wabeba bunduki hawamo katika shangwe hiyo. Wao walikuwepo.

Safari hii kilichonikaa ni usiku wake. Margot, mkewe, anatoka kitandani, anakwenda kwa Wilson, anarudi. Mumewe yuko macho. Anamuuliza alikuwa wapi, anamkumbusha aliahidi kwamba safari hii mambo hayo hayatakuwepo. Mke anamjibu kwamba ana usingizi. Kabla hakujapambazuka wote watatu wako meza moja wanastaftahi!

Ile ahadi ndiyo inayoieleza ndoa yao ya miaka 11. Mke ni mzuri mno, mume hawezi kumwacha. Mume ana fedha nyingi mno, mke hawezi kuondoka. Kwa hiyo mambo yalishatokea, yakamezwa, yakatokea tena. Mtu wa namna hiyo alikwisha kukimbia zamani. Simba alimwanika tu.

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Macomber alivipata vyote viwili, kimoja leo, kingine kesho yake. Wanawafukuza nyati kwa gari, na katika msukosuko ule hofu inamtoka, maana hakupata nafasi ya kukaa na kuiwazia. Uso unamng'aa, maneno hayamwishi. Anayeingiwa na hofu sasa ni Margot, na hapo ndipo naona Hemingway alizijua ndoa: mke alishazoea kuishi na mwoga, huyu mpya hamjui. Muda si muda nyati aliyejeruhiwa anamjia Macomber mbiombio. Anasimama imara, anapiga. Margot naye anafyatua bunduki ya Mannlicher kutoka garini, na risasi inamwingia mumewe kisogoni.

Alikusudia? Msimulizi anasema alimlenga nyati. Anayedai vingine ni Wilson, na huyo simwamini hata kidogo. Margot alikuwa ametoka kumuuliza itakuwaje Nairobi wakisikia kwamba nyati walifukuzwa kwa gari. Ni kosa, na Wilson angenyang'anywa leseni. Baada ya ile risasi mambo yamegeuka, mwenye kushikiwa siri ni Margot. Wilson anamsimanga kwa maneno makali mpaka mama wa watu anamsihi anyamaze, ndipo ananyamaza.

Katikati ya masimango hayo anamtuliza: patakuwa na uchunguzi, picha zitapigwa, wabeba bunduki na dereva watatoa ushahidi, hana la kuhofia. Hao mashahidi hajamuuliza hata mmoja wao aliona nini. Na ni Wilson huyuhuyu aliyemwambia Macomber, baada ya mkasa wa simba, kwamba huwachapa watumishi viboko ingawa sheria inakataza, na kwamba wenyewe huona heri viboko kuliko kutozwa faini.