Penseli iliishia ukurasa wa 112

Juzi nimerudishiwa kitabu changu. Kilikaa huko miezi saba, mi nilishaanua tanga kabisa, maana wote tunajua kitabu kikishaazimwa huwa kinahamia ukoo mwingine na kubadilisha jina, sasa jamaa ananipigia ananiambia pita uchukue mzigo wako, nakikuta kwenye mfuko wa plastiki kimefungwa vizuriii kama kinapandishwa ndege.

Huyu jamaa yangu ana tabia moja. Anasoma na penseli mkononi. Mi ni wale wa kitabu kisiguswe, sikunji kona, sikilazi kifudifudi kikiwa wazi, nikiona mtu analamba kidole ili afunue ukurasa nafsi inanitoka. Kwa hiyo zamani kitabu kilikuwa kikirudi kutoka kwake nachukua ufutio naanza kufuta huku nimenuna. Safari hii sijui ni uzee au uvivu, nikakaa nikaanza kusoma alichoandika.

Ukurasa wa 9 kapigia mstari sentensi moja ya kawaida tu, pembeni kaandika "mh". Basi, "mh". Ukurasa wa 23: "huyu mama anajua kila kitu, subirini". Ukurasa wa 40, kwa herufi kubwa, amebonyeza mpaka penseli imetoboa karatasi: "SI NILISEMA!!" Ukurasa wa 67 kachora alama ya kuuliza kubwa kama ndoana ya kuvulia samaki, halafu ukurasa wa 68 kaandika "aaa ok". Nilicheka peke yangu. Yaani nikajikuta sisomi tena kitabu, namsoma yeye, naona kabisa hapa alikuwa macho, hapa usingizi ulikuwa unamchukua kwa sababu mstari umeanza vizuri ukaishia kwenye maneno ya jirani. Ukurasa wa 112 kaandika "sasa tunaelekea wapi".

Baada ya hapo kimya. 113 safi. 120 safi. Nikafunua 150, 200, 300, mpaka 364 ambao ndo wa mwisho, peupeee, kama mtu alikata roho na penseli yake mkononi. Sasa huyu ndo mtu ambaye mwezi uliopita aliniambia kwenye simu, nanukuu, "ndugu yangu, ule mwisho umenimaliza". Mwisho upi bwana? Mwisho wa ukurasa wa 112?

Nikakumbuka kuna profesa mmoja wa hisabati Marekani, Jordan Ellenberg, mwaka 2014 alifanya utani mmoja wa kisomi mtamu sana. Kwenye Kindle, kile kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali, msomaji anaweza kupigia mstari sehemu aliyoipenda, na ilikuwa inaonekana wazi mistari gani imepigiwa na watu wengi zaidi. Ellenberg akachukua ile mitano inayoongoza ya kila kitabu akaangalia kwa wastani iko asilimia ngapi ya kitabu kutoka mwanzo. Kama watu wanafika mwisho, mistari itatawanyika kitabu kizima, kama wanaishia njiani basi yote itarundikana mlangoni. Kipimo chenyewe akakipa jina la mwanafizikia Stephen Hawking, kwa sababu kile kitabu chake cha mambo ya wakati na ulimwengu kinasifika kwa kununuliwa na kila mtu na kumalizwa na wachache. Hawking mwenyewe akapata asilimia 6.6. Lakini akaja kukombolewa na Thomas Piketty, yule wa uchumi, kitabu cha kurasa karibu 700, asilimia 2.4! Ellenberg alisema wazi kwamba hii siyo sayansi, ni ya kuchekesha tu, na ni kweli kwa sababu mtu anaweza kusoma hadi mwisho bila kupigia mstari wowote. Ila mi nikapiga hesabu ya haraka, jamaa yangu 112 kwa 364, anakaribia asilimia 31. Kwa viwango vya dunia huyo ni msomi.

Basi jioni nikatupa swali kwenye grupu letu, tupo kama kumi na kitu humo, kazi yetu kubwa ni kutumiana picha za majalada na pidiefu ambazo hakuna anayezifungua. Nikauliza: kitabu gani umewahi kudanganya kwamba umekimaliza? Nikajua watapita kimya kama wanavyopitaga nikiuliza nani ana kitabu changu kile chekundu. Wapi! Meseji zilimiminika mpaka usiku.

Mmoja akasema yeye ana kitabu anakisoma kitandani tangu mwaka juzi na hajavuka sura ya pili, kila usiku anasoma kurasa mbili, analala, kesho hakumbuki, anarudia zilezile, sasa anazijua kwa moyo kama shairi. Mwingine akasema yeye anaruka maelezo yote ya mandhari, milima sijui machweo, anatafuta alama za kufungua na kufunga semi tu, kama watu hawaongei hasomi. Halafu dada mmoja, huyu mkumbukeni, akakiri bila aibu kwamba yeye siku zote anaanza na kurasa za mwisho. Akifika kwenye kitabu anafungua nyuma, anasoma kama kumi na nne hivi, akiona mwisho unaridhisha ndo anarudi mwanzo, na mara nyingi, maneno yake haya, "nikishajua nani kafa sioni sababu ya kurudi".

Watu wakamrukia! We unaharibu, we muuaji, mwandishi katoka jasho miaka unakuja kumchungulia. Mi nikamtetea kidogo. Kuna mwandishi wa Kifaransa, Daniel Pennac, mwaka 1992 aliorodhesha haki kumi za msomaji, ya kwanza ni haki ya kutokusoma, ya pili haki ya kuruka kurasa, ya tatu haki ya kutokumaliza kitabu. Nikaandika hapo nikijiona nimeokoa jahazi. Dada akajibu "kwani kuna haki ya kudanganya?" Nikasema hiyo haimo. Akasema basi mimi nina haki kuliko nyie wote, mimi sijamdanganya mtu.

Alinipata hapo.

Kwa sababu ukiangalia vizuri, kuacha kitabu siyo tatizo, shida iko kwenye lile swali la "ulikionaje?" Mtu akiniuliza hivyo mdomo wangu unajibu kabla yangu. "Kizuri sana." "Kizito kidogo ila kizuri." Hilo "kizito kidogo" ukilisikia kwa mtu jua aliacha ukurasa wa thelathini. Na "kinahitaji utulivu" maana yake hajakigusa.

Ugomvi mkubwa ulianza alipojitokeza kijana mmoja akasema yeye mwaka huu kamaliza vitabu 22. Ishirini na mbili! Tukambana, akasema kavisikiliza. Ee, hapo grupu likagawanyika mafungu mawili kama limepigwa shoka. Fungu moja linasema kusikiliza siyo kusoma, usituletee habari za kusikiliza huku unafua nguo halafu ukajiita msomaji. Fungu la pili linasema kwani kitabu ni karatasi au ni maneno.

Mi niko fungu la pili, ila na kinyongo kidogo. Watu wanadhani vitabu vya kusikiliza vimekuja na simu, kumbe Marekani walikuwa wanavirekodi kwenye sahani za santuri miaka ya 1930 kwa ajili ya watu wasioona, upande mmoja wa sahani ulikuwa unabeba kama dakika 15 hivi, kwa hiyo riwaya moja ni mrundo wa sahani na we kazi yako ni kugeuza tu. Nani atamwambia msomaji asiyeona kwamba hajasoma? Na ukienda nyuma zaidi, karne ya 4, Mtakatifu Augustino anasimulia alivyokuwa akimkuta Askofu Ambrosi wa Milan anasoma, macho yanatembea kwenye kurasa lakini sauti na ulimi vimetulia, na Augustino akaona jambo hilo linastahili kuandikwa na hata kutafutiwa sababu, labda mzee anatunza sauti yake. Yaani leo tunabishana kama masikio yanaruhusiwa kumbe kuna wakati aliyesoma kimya ndo alikuwa wa kuangaliwa mara mbili. Halafu mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California pale Berkeley waliwaingiza watu kwenye mashine ya kupiga picha ubongo, hadithi zilezile wakazisikia na wakazisoma, na ile ramani ya maana za maneno kichwani ikatoka karibu sawa kabisa.

Kinyongo changu ni hiki. Karatasi inakusubiri. Mawazo yakihama, macho yanasimama, ukurasa unakaa pale mpaka urudi. Sauti haikusubiri, wewe uko mbali unawaza deni la mtu, yenyewe inaendelea tu, mhusika kaoa, kahama, kafiwa, we unashtukia watu wako makaburini. Na hakuna penseli itakayokuja kukusaliti. Yule kijana wa vitabu 22 nikamuuliza kwa upole, hivi kati ya hivyo vyote umerudisha nyuma mara ngapi? Akasema sijawahi kurudisha. Sawa.

Mambo ya spidi yakaingia hapo, kwamba eti kuna watu wanasoma kitabu kwa siku. Sipendi haya mashindano, lakini namba moja naipenda. Mtafiti mmoja, Marc Brysbaert, mwaka huohuo wa 2019 alikusanya tafiti nyingi akapata kwamba mtu mzima akisoma kimya kwa Kiingereza, vitabu visivyo vya hadithi, wastani ni maneno 238 kwa dakika. Watu wakaanza kujipima kwenye grupu kwa kitabu cha Kiswahili, huyu 130, huyu 150, wakaingiwa na huzuni. Jamani! Neno letu moja siyo neno lao moja. "Nisingemwambia" ni neno moja kwetu, Mwingereza hapo anahitaji kama sita. Acheni kujionea huruma.

Vitabu visivyosomwa kabisa, vile vya kununua na kurundika, hilo tuliligusa tu likapita kwa sababu kila mtu alinyamaza ghafla. Wajapani wana neno lake kabisa, tsundoku. Sisi hatuna neno, tuna rafu.

Sasa nirudi kwa jamaa yangu wa penseli, ambaye muda wote huo wa kelele alikuwa anasoma meseji tu, alama mbili za bluu, hajibu. Nikasema leo namuumbua. Mpango wangu nipige picha ukurasa wa 112, nipige na 113 uliotulia kama bahari asubuhi, nizirushe kwenye grupu bila maneno. Nikachukua kitabu, nikakifungua kwa haraka, kikajifungukia chenyewe mbele kidogo, ukurasa wa 131, na kikaanguka kipande cha boksi la dawa ya mafua.

Nikakiangalia. Kimekatwa kwa mkasi, kona moja imekatwa mviringo. Mi ndo huwa nakata hivyo, sitaki kona ichome karatasi.

Ilikuwa alama yangu. Ya kabla sijamuazima. Nilikaa na kile kipande mkononi najaribu kukumbuka kilichotokea ukurasa wa 132 na hakuna kitu, giza. Kitabu ambacho nimekisifia kwa watu wanne kwa uchache! Kitabu ambacho nilimpa jamaa nikamwambia hiki lazima ukisome, kitakubadilisha! Asilimia 36. Nimemzidi kurasa 19.

Picha sikutuma. Nikampigia.

"Kaka, hebu niambie kweli, ule mwisho uliokumaliza uliusoma?"

Kimya. Halafu nikasikia anacheka ile ya puani. "We umefungua ukaona penseli."

"Nimeona."

"Sasa si we mwenyewe ulinisimulia mwisho siku unanipa? Yule mama anarudi na barua, anaikuta nyumba imeshauzwa."

Ni kweli nilimsimulia. Na nilimsimulia vizuri, na mikono nikarusha. Nikabaki najiuliza mi niliujuaje kama niliishia 131, nikarudi nyuma kichwani taratibu mpaka nikafika, na jamaa akafika muda uleule upande wa pili wa simu, tukataja jina moja kwa pamoja. Dada wa kurasa za mwisho. Ndo alinisimulia mimi. Na kitabu chenyewe nilikipata kwake.

Kwa hiyo watu watatu tumekijadili kitabu hiki karibu mwaka mzima, tumebishana, kuna siku tulinuniana kabisa kuhusu yule mama kama alifanya sawa, na ukichukua penseli yake, kipande changu cha boksi na kurasa kumi na nne za dada, kuanzia 132 mpaka 350 hakuna binadamu katika grupu letu aliyewahi kupita humo.

Jana usiku nimefika 146. Jamaa alikuwa sahihi pale ukurasa wa 23, yule mama anajua kila kitu.