Leo nimesimama Kenyatta Avenue

Miaka yote hupita Kenyatta Avenue, hapa Nairobi, mbio mbio. Leo nimeitembea yote, Moi Avenue hadi Uhuru Highway.

Zamani ilikuwa Delamere Avenue. Upana ule uliachwa ili magari ya kukokotwa na ng'ombe yaweze kugeuka.

Lakini kilichonishika ni zile sanamu tatu za 1928, kumbukumbu ya Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza.

Nimesoma maandishi yake kwa mara ya kwanza. Kiswahili kipo! Wapagazi wanatajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi.

Miguu na mikono.

Hao ndio waliotuachia jina la Kariokor, mtaa wa Nairobi, jamani: limetokana na Carrier Corps, kikosi chao cha wapagazi. Nimesimama pale mpaka manyunyu yakaanza.

Nani kwenu alisimuliwa habari za babu mpagazi? Niandikieni hapa, nasoma zote.