Arobaini bila mtoto

Wa kwanza kunipa hongera alikuwa yule kaka anayeuza maji kwa mkokoteni hapa mtaani kwetu Makorora. Nashuka kwenye Noah, nimeinama kama bibi anayetafuta shilingi iliyodondoka, tumbo limefungwa mkanda, mkono mmoja umekumbatia mto na mwingine umeshikwa na baba watoto, yeye akasimamisha mkokoteni wake katikati ya njia akasema hongera mama, Mungu mwema, wa kike au wa kiume? Mi nikacheka. Kucheka kwenyewe ndo nikajua nimekosea, maana wiki mbili baada ya kuchanwa tumbo kutoka nyonga hii mpaka nyonga ile kicheko ni kama mtu anakuvuta nyuzi kwa ndani, nikaukandamiza mto tumboni nikasimama pale mlangoni machozi yananitoka na bado nacheka. Baba watoto akamjibu, "Ziwa." Hivohivo tu. Yule kaka akaangalia chini, akasukuma mkokoteni wake akaenda zake, na nadhani mpaka leo hajaelewa.

Ziwa lenyewe, la kushoto, lilitolewa 2019 kwa saratani. Zikaja dawa za kemo, ikaja mionzi pale hospitali ya Ocean Road Dar, nywele zikatoka zikarudi, na kwa miaka miwili nikawa naweka ndani ya sidiria soksi ya mtoto niliyoijaza mtama, maana pamba peke yake ni nyepesi, inapanda juu mpaka shingoni. Soksi ilinisitiri sana, siwezi kuisema vibaya, ila siku moja ilitoboka kwenye harusi Ngamiani nikawa natembea namwaga mtama ukumbini kama nalisha kuku. Nilivyorudi nyumbani usiku ule nikasema basi, naenda kumuuliza daktari habari ya kutengenezewa ziwa jingine.

Daktari akaniambia kwa vile ngozi ya kifua imeshapigwa mionzi, kuweka silikoni kunaweza kusumbua, bora watumie nyama yangu mwenyewe. Nikamuuliza nyama gani, akanionyesha kitambi. Wanachukua ngozi na mafuta ya chini ya kitovu pamoja na msuli, hawaikati ikaachana kabisa, inabaki imeshikana na mshipa wake wa damu, alafu wanaipitisha chini ya ngozi mpaka kifuani, kama unavyopitisha kamba kwenye bukta kwa pini. Mi nilifurahi jamani, kitambi cha watoto watatu kimepata kazi. Sikufikiria hata kidogo kwamba pale kinapotoka patauma kuliko pale kinapokwenda.

Maana huo ndo ukweli. Watu wote walikuwa wanauliza ziwa vipi, ziwa linauma? Ziwa halikuuma hata chembe. Tumbo ndo lililoniliza, kukohoa, kupiga chafya, kujigeuza kitandani, kwenda chooni ndo usiseme. Na safari ya kutoka Dar mpaka Tanga, zaidi ya kilomita 300, nilihesabu kila tuta, baba watoto anaendesha kama amebeba mayai, tulipofika Muheza akasimama kuninunulia machungwa nikamwambia wewe endesha tu, chungwa nitalila nikishafika.

Nyumbani nikamkuta shangazi yangu amekuja toka Pangani, na kapu lake, na ng'onda, wale samaki wa kukausha, za kutosha mtaa mzima, na begi dogo la nguo ambalo kwa ukubwa wake nilijua hajapanga kukaa siku mbili. Shangazi kawauguza wazazi wa ukoo mzima, mimi mwenyewe watoto wangu wote watatu nimekandwa na mikono yake. Nikamsalimia shikamoo nikiwa bado nimeinama, akaitika marahaba mwanangu, akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akaufunua mkanda kidogo akaona mshono, akasema, "Aa, hii mbona kazi naijua."

Kuanzia hapo nikawa mzazi. Kwakweli nilijaribu kumweleza, shangazi hii siyo operesheni ya uzazi, akasema wewe umelazwa, umepasuliwa tumbo, umefungwa mkaja, huruhusiwi kunyanyua ndoo, sasa hiyo ni nini kama siyo uzazi? Ule mkanda wa hospitali aliuita mkaja na akawa anaukagua asubuhi na jioni kama umekaza. Uji wa pilipili manga ukaanza kuja, supu ya kuku wa kienyeji ikaja, nikitaka bada, ugali wetu wa muhogo, na ng'onda nanyimwa, ananiambia choo kitagoma na wewe huwezi kusukuma (hapo alikuwa sahihi asilimia mia). Kilichomfurahisha zaidi ni ile karatasi ya hospitali, alimwambia binti yangu amsomee, mtoto akasoma kwamba mama asinyanyue kitu kizito wiki sita. Shangazi akahesabu kwa vidole, wiki sita siku arobaini na mbili. "Wameongeza mbili tu," akasema, "lakini arobaini wanaijua." Akakaa siku nzima na furaha yake.

Na mimi nisiseme uongo, nilipenda. Nililala kitandani nimewekewa mito mgongoni na mwingine chini ya magoti, maana kunyooka huwezi, ngozi ya tumbo imevutwa, nikawa naletewa, nalishwa, nasukwa nywele. Majirani wakija na vyombo vyao wanakaa kidogo wanaangaliaangalia chumbani kama wanatafuta kichanga.

Kazi ya mipira alipewa binti yangu, alikuwa darasa la sita. Nilitoka hospitali na mipira miwili inayotokea ubavuni, kila mmoja una kichupa laini cha plastiki mwishoni, unakibonyeza kinakuwa bapa alafu unakifunga ili kivute yale maji ya kidonda. Asubuhi na jioni anamimina kwenye kikombe cha vipimo, anaandika kwenye daftari la hesabu, kulia mili 60, kushoto mili 45, anapiga mstari kwa rula. Sista alituambia ukishuka chini ya mili 30 kwa siku, siku mbili mfululizo, mpira unatolewa. Ile rangi ilianza damu kabisa, ikawa kama juisi ya ukwaju, ikaenda ikipauka, na mtoto akaandika hayo pia pembeni, "leo ukwaju mwepesi". Lile daftari bado ninalo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, siku ya tano tangu nirudi. Shangazi alikuwa ananung'unika toka juzi yake kwamba mzazi gani hajakandwa, nikamwambia tumbo lina mshono hatugusi, akakubali. Asubuhi akaingia na beseni, maji yamechemshwa na majani ya mwarobaini, chumba kizima kinanuka, na taulo begani. Akasema tumbo sigusi, nakukanda bega na hili jipya, maana nimelishika jana limekaza kama embe bichi. Na lilikuwa limekaza kweli, na bega la upande ule lilikuwa limekufa ganzi ya kulalia upande mmoja, mwili wote unaniuma, na mikono ya shangazi naijua. Nikamwambia haya.

Alianza na bega. Jamani raha. Taulo linachovywa, linakamuliwa, linawekwa, joto linaingia mpaka mfupani, mi nimefumba macho nasimulia habari za wodini, mama mmoja tuliyelala naye alikuwa anaficha pilipili kwenye soksi. Shangazi anacheka. Akashuka kifuani. Hapo kwenye bega nilikuwa nasema shangazi punguza, moto, taratibu, na hapa chini nikawa nimenyamaza, naendelea na pilipili zangu, yeye akaona mimi kimya basi maji yamepoa, akachota mengine toka kwenye sufuria. Akaweka. Kimya. Akakandamiza kwa kiganja. Nasimulia.

Mara ya tatu au ya nne aliponyanyua taulo ndo binti yangu akaingia na daftari lake. "Mama, hapo pana nini?"

Pale katikati ya ziwa palikuwa pamekuwa peupe, alafu tukiwa tunaangalia, sisi sote watatu, pakaanza kuinuka lengelenge, taratibu, kama sambusa inavyovimba kwenye mafuta. Saizi ya sarafu ya mia, alafu la pili dogo pembeni. Na mimi sisikii kitu. Naangalia mwili wangu unaungua kama naangalia wa mtu mwingine. Nikaweka kidole, kidole kinasikia ngozi, ngozi haisikii kidole.

Shangazi akaangusha taulo.

Binti akakimbilia maji ya mtungini, tukamwagia maji ya kawaida muda mrefu mpaka godoro likalowa, baba watoto akapiga picha akamtumia sista wa kule Dar WhatsApp. Alipiga mwenyewe hapohapo. Swali lake la kwanza, bonyeza pembeni ya lengelenge, pakiwa peupe uachie, rangi inarudi? Inarudi. Ndani ya sekunde mbili? Ndiyo. Akashusha pumzi nikamsikia. Akasema msilitoboe, msipake kitu, siyo asali, siyo dawa ya meno, nendeni hospitali leoleo wakafunge vizuri. Alafu akanieleza kitu ambacho ningekijua tangu mwanzo. Ile nyama walipoihamisha damu ilikuja nayo, fahamu hazikuja, mishipa yake ya fahamu ilikatwa. Inaishi lakini haina taarifa. Chupa ya maji ya moto, taulo la moto, hata jua kali, inaungua na wewe unapiga stori. Kwa wengine hisia zinarudi kidogokidogo, miezi, miaka, na zinarudi nusunusu.

Nikamuuliza mbona hamkuniambia. Akasema tunawaambia. Inawezekana waliniambia, siku ile ya kuruhusiwa nilikuwa na dawa za maumivu kichwani na nilichokuwa nafikiria ni namna ya kupanda Noah. Lakini kwenye karatasi hakuna, nimeisoma mara kumi, kuna kunyanyua, kuna kuoga, kuna tarehe ya kurudi kliniki, neno moto hakuna. Hilo mpaka leo linanikera, karatasi ya hospitali inasomwa na shangazi, haisomwi na mgonjwa, waandike mambo ya shangazi.

Na shangazi nilimwambia neno baya. Siliandiki hapa. Lilinitoka wakati wananivalisha kwenda hospitali, nilikuwa na hofu ile nyama imekufa, miaka miwili ya kusubiri, na hela tulizokopa, na tumbo langu lililochanwa, vyote vimeharibiwa na beseni la mwarobaini. Hakunijibu. Tuliporudi jioni nikamkuta amekaa barazani, begi lake dogo liko miguuni limefungwa zipu, chakula hajagusa. Sikuweza hata kuinama kumshika, si unajua na hili tumbo, nikasimama mbele yake nimepinda kama alama ya kuuliza. Nikamwambia shangazi, nani atanipikia uji? Akasema, "Si una binti." Nikamwambia binti anaweka sukari nyingi. Akakaa kimya muda mrefu, adhana ya magharibi ikapigwa ikaisha, alafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hivi kweli ulikuwa hulisikii? Hukunyamaza tu kwa kunistahi?"

Hapo ndo nikaelewa kilichokuwa kinamla. Alidhani nilivumilia. Alidhani nilikuwa naungua najua, namstahi mkubwa wangu. Nikachukua mkono wake nikauweka juu ya kanga, pembeni ya bandeji, nikafumba macho nikamwambia bonyeza popote nitakwambia umeshika wapi. Akabonyeza. Nikakosa. Akabonyeza tena, nikasema bado hujanigusa. Akalia yeye, mimi nikamwambia usinichekeshe na usinilize, vyote tumbo linakataa.

Begi likarudi ndani. Kesho yake binti alipofungua daftari aandike maji ya mipira akakuta kwenye ukurasa wa siku ile kumeandikwa kwa herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani, kisomo cha watu wazima, kila herufi imekaa peke yake: HAKUNA MOTO. Na maji yangu ya kuoga kuanzia siku hiyo alikuwa anatumbukiza kiwiko chake kwanza, kama ya kichanga.

Lile lengelenge lilichukua wiki tatu hivi kupona, limeacha baka ambalo baba watoto anasema ni kama ramani ya Pemba. Mpira wa kushoto ulitoka kwanza, wa kulia ukagoma kwenye mili 35 siku nne mpaka mtoto akawa anauchukia.

Ilikuwa kama siku ya thelathini hivi, nimeshaanza kunyooka kidogo natembea mpaka uani, jirani yetu wa nyumba ya tatu akaja na chupa kubwa ya chai imejaa maji ya moto na majani ndani ya mfuko, kasikia mzazi yupo na hakandwi. Mi niko chumbani nasikia tu. Shangazi akamkaribisha, akampa kiti, akamuuliza watoto hawajambo, yote vizuri. Alafu yule mama akasema nimekuja kusaidia kumkanda.

"Huyu hakandwi," shangazi akasema.

"Kwa nini, bi mkubwa?"

"Ndo uzazi wake ulivyo."

Nikasikia kifuniko cha chupa kinafunguliwa, sukari inakorogwa. Maji ya yule mama waliyanywa chai wao wawili pale uani mpaka yakaisha, na mimi nikaletewa kikombe, kimepoa.