Rejeta Tatu Baridi, Boila Inaunguruma

Nyumba ninayokaa hapa New Jersey ni ya miaka ya 1920. Inapashwa joto kwa mvuke wa bomba moja, yaani bomba linalopandisha mvuke kwenye rejeta (vyuma vya vipande vipande vinavyotoa joto chumbani) ndilo hilohilo linaloteremsha maji yake kurudi boila. Rejeta ziko kumi. Mbili za juu zilikuwa baridi kabisa, na ya sebuleni ilikuwa inapata moto vipande viwili vya kwanza, vingine vimelala.

Sikuanza na spana, nilianza na saa. Niliacha boila ipoe, nikaiwasha, maji yalipochemka nikashuka chini kuufuata mvuke kwenye bomba kuu. Gusa upesi kwa nyuma ya mkono, maana bomba linatoka ubaridi hadi nyuzi 100 kwa sekunde chache tu. Mvuke ulichukua dakika 25 kufika mwisho wa bomba. Hapo nikajua sehemu kubwa ya shida iko chini, kabla hata ya kupanda ngazi.

Rejeta ikipoa imejaa hewa, na mvuke hauingii mpaka hewa iwe imetoka. Ndiyo maana kwenye bomba kuu, karibu na mwisho wake, kuna kipumulio kikubwa, na kila rejeta ina chake kidogo, upande usio na vali, karibu na katikati ya urefu wake. Kinafanana na risasi nene ya fedha. Hewa inapita, mvuke ukigusa kidude cha ndani, kinapanuka na kuziba tundu. Kikipoa kinafunguka tena. Kikiganda kimeziba, rejeta inabaki baridi hata boila iungurume usiku kucha.

Kile cha bomba kuu kilikuwa kimekufa kwa kutu. Nilifunga kipumulio kipya cha aina ya Gorton, namba 2, nikakiinua kwa kipande cha bomba ili maji yanayokuja kwa kasi yasikipige. Safari ya mvuke ikashuka hadi dakika 7.

Kwa rejeta za juu kuna jaribio lisilogharimu kitu: zima boila, subiri ipoe, kisha badilishana vipumulio kati ya rejeta baridi na ile inayopata moto vizuri. Ubaridi ukihama pamoja na kipumulio, umeshampata mwizi. Usithubutu kukifungua wakati mvuke uko njiani, utaungua. Ukikitoa, kipulize kikiwa kimesimama wima. Hewa ikigoma, kichemshe nusu saa kwenye siki nyeupe, kisha kitikise. Changu kilikuwa kimepakwa rangi mpaka tunduni, siki haikufua dafu, nikanunua kipya. Meno yake ni ya inchi 1/8: tepu nyeupe ya fundi bomba mizunguko miwili au mitatu, kaza kwa mkono, malizia kidogo kwa spana, kibaki wima. Ukilazimisha, meno ya chuma cha zamani yanakatika ndani, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Rejeta ya pili haikukubali hata kipumulio kipya. Bomba lilikuwa la moto chini ya vali, baridi mbele yake, ingawa mpini ulizunguka vizuri tu. Boila ikiwa imepoa nikafungua kichwa cha vali: kisahani kimekatika kutoka kwenye mti wake, kimedondoka na kuziba njia. Nilikitoa, nikarudisha kichwa, rejeta ikapata moto siku hiyohiyo. Vali mpya ilingoja kiangazi. Kwenye mfumo huu vali hukaa wazi yote au imefungwa yote. Ukiiacha nusu, mvuke unaingia lakini maji hayapati njia ya kutoka, na kipumulio kinaanza kutema.

Ya sebuleni ilikuwa inagonga kama mtu anapiga bomba kwa nyundo. Pimamaji lilionyesha imeinama upande wa kipumulio, maji yakatuama mwisho. Niliinua miguu ya upande ule robo inchi kwa vibao vyembamba, mteremko ukaelekea vali, kelele zikaisha. Ila rejeta kupata moto nusu si ugonjwa kila mara. Siku isiyo na baridi kali, thamostati (kidude kinachopima joto la chumba na kuwasha au kuzima boila) huzima boila kabla rejeta haijajaa.

Sasa presha, ambapo wengi hujimaliza. Rejeta ikiwa baridi, mtu anapandisha presha. Fundi aliyenitangulia aliiacha kwenye paundi 5 (kwa inchi ya mraba). Presha haiondoi hewa iliyofungiwa, inaibana tu, na kipumulio kilichokwisha kuziba kinaweza kubaki kimezibwa na presha hiyohiyo. Tena kila paundi moja inasukuma juu kwa inchi 28 hivi maji ya bomba la kurudi, lile linalotoka mwisho wa bomba kuu hadi boila, na bomba kuu likiwa chini yanaweza kufika huko na kuanza kugonga. Nilikata umeme, nikaweka kidhibiti cha presha kiwashe boila kwenye nusu paundi, gurudumu la ndani (tofauti kati ya kuwasha na kuzima) kwenye 1, kwa hiyo kinazima kwenye 1.5. Ikiwa kidhibiti hakitii, angalia kibomba kilichojipinda chini yake. Changu kilikuwa kimejaa tope la kahawia. Kizibue kwa waya, kisha kijaze maji kabla ya kukirudisha, maana mvuke haupaswi kukigusa kidhibiti chenyewe. Geji ya kawaida ya paundi 30 haikuonyeshi kitu huku chini; niliongeza ya paundi 3 pembeni yake, ile kubwa nikaiacha mahali pake.

Kwenye kioo cha boila kinachoonyesha kiwango cha maji, maji yawe kati ya nusu na theluthi mbili. Yakiruka juu na chini boila ikifanya kazi, kuna mafuta juu ya maji, na mvuke unapanda umebeba maji. Na ukikuta mabomba yamefungwa kitu cheupe kama chokaa iliyokauka, usikikwangue: huenda ni asbesto.

Mwisho nilizipanga kasi za vipumulio. Gorton huanzia namba 4, iliyo taratibu, halafu 5, 6, C na D. Vyumba vya mbali nilivipa 6, sebule yenye thamostati nikaipa 4, isipate moto mapema ikazima boila kabla vyumba vya juu havijapata chochote.